Mbachao na Msala Upitao: Hoja Juu ya Kompyuta Kuukuu

Katika baadhi ya vyuo na shule zetu kipo chumba ambacho mgeni huonyeshwa kwa fahari, kisha kikafungwa kwa kufuli. Ndani yake zimo kompyuta. Chache zimefunikwa vitambaa mezani. Nyingine zimerundikwa sakafuni pamoja na madawati yaliyovunjika. Ukiuliza, utaambiwa kuwa ni mbovu. Ukiuliza tena ubovu wake ni upi, mara nyingi hupati jibu. Sisi twaona kwamba nyingi kati ya mashine hizo si mbovu, bali zimebebeshwa mzigo uliozidi nguvu zake. Twaona pia kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana budi kujua namna ya kuupunguza mzigo huo kwa mikono yake mwenyewe.

Yafaa tuanze na chanzo cha tatizo. Kompyuta ni kama trekta: haiendi bila dereva. Dereva wake ni programu kuu iitwayo mfumo endeshi, ambayo huiamsha mashine, huigawa kumbukumbu yake na kupokea amri za mtumiaji. Mfumo uliozoeleka kwetu ni Windows. Ni mfumo mzuri, lakini kila toleo jipya hudai mashine yenye nguvu zaidi, na matoleo ya zamani huachwa bila marekebisho ya usalama. Msaada wa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ule wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2009 haiwezi kuyatimiza masharti hayo, hata ikiwa kila kiungo chake ni kizima.

Shule hufanya nini basi? Humpelekea fundi mjini ili akapige Windows. Fundi huweka nakala isiyo na leseni, mashine huenda miezi michache, virusi huingia, mwendo huwa wa kinyonga, na shule hulipa tena. Baada ya safari mbili tatu mwalimu mkuu huchoka, na mashine hupelekwa ghalani. Hivyo ndivyo chumba kile kinavyopata kufuli.

Iko njia nyingine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, aitwaye Linus Torvalds, alianza kutunga kiini cha mfumo endeshi ambacho leo hujulikana kama Linux. Hatimaye alikitoa kwa leseni ya programu huria, yaani kila mtu ana haki ya kukitumia, kukinakili, kukirekebisha na kumpa jirani. Kutokana na kiini hicho imezaliwa mifumo mingi. Mmoja wake, Ubuntu, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Kwa mashine dhaifu imetungwa mifumo myepesi. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, huweza kupakiwa yote katika kumbukumbu na kuendeshwa humo. antiX hutosheka na kumbukumbu ya megabaiti 512. Lubuntu yafaa kwa mashine zenye nguvu kidogo zaidi, lakini matoleo yake ya leo hayakubali kompyuta za biti 32.

Wala Watanzania hatukuwa watazamaji tu katika jambo hili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili.

Sasa tueleze tuliyoyafanya sisi wenyewe. Kiangazi kimoja tulizitoa ghalani kompyuta 11, tukaunda kikundi cha wanachuo na kuanza kazi. Hatua ya kwanza haikuhusu programu hata kidogo. Wakazi wa Singida tunalijua vumbi la kiangazi, nalo lilikuwa limejaa katika feni na vipozeo. Tulilitoa kwa brashi laini, mashine zikiwa zimechomolewa umeme. Tulibadili betri ndogo za saa, zile mfano wa sarafu, kwani zilikuwa zimekufa zote. Tulitoa kumbukumbu katika mashine zilizokufa kabisa, tukaziongeza katika mashine hai zenye nafasi za aina ileile.

Hatua ya pili ilikuwa kuandika katika daftari hali ya kila mashine: ina kumbukumbu kiasi gani, diski ya ukubwa gani, na kama ni ya biti 32 au 64. Hatua ya tatu ilikuwa kwenda mjini penye intaneti nzuri, kupakua mfumo mara moja tu, na kuuandika katika flashi kwa programu ya Rufus. Hatua ya nne ilikuwa kuiwasha mashine huku tukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia, ambacho hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na kuchagua flashi. Hapo ndipo wanachuo waliposhangaa, kwani mifumo hii huweza kujaribiwa kutoka katika flashi bila kugusa diski. Mtu aweza kukagua kioo, sauti, kibodi na kipanya kabla ya kuamua lolote. Tuliporidhika, ndipo tuliposimika mfumo ndani ya diski.

Kati ya mashine 11, saba zilifufuka. Nne hazikuamka, na hatukudanganyana juu yake.

Lazima pia tukiri kosa letu. Katika haraka yetu tulisimika mfumo katika mashine moja bila kuikagua diski yake, na usimikaji hufuta kila kilichomo. Baadaye tuligundua kwamba humo mlikuwa na alama za mazoezi ya kufundisha za kundi zima la wanachuo. Siku nne tulizunguka kukusanya daftari za wasahihishaji ili kuziandika upya, na alama za wanachuo watatu hazikupatikana. Ikabidi wapimwe tena. Kosa lilikuwa letu, na waliolilipa ni wao. Tangu siku hiyo ipo kanuni iliyoandikwa kwa chaki juu ya ubao wa chumba kile: nakili kwanza, futa baadaye.

Ndugu mwanachuo aweza kuuliza: hii ni kazi ya fundi, yamhusu nini mwalimu? Yamhusu sana. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakukusudia jembe peke yake. Alikusudia mtu anayeyatawala mazingira yake kwa akili na mikono. Mwaka 1974 Serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, zuio lililodumu miaka mingi. Sisi hatudai kulirudia. Twasema tu kwamba hofu iliyokuwamo ilikuwa na msingi. Chombo usichoweza kukiendesha wala kukitengeneza hukutawala wewe. Dawa si kukikataa chombo, bali kujifunza kukifungua.

Tena kazi hii ni somo kamili. Mwanafunzi wa darasa la sita anayeona kumbukumbu ikichomekwa hahitaji kukariri maana yake. Kulinganisha megabaiti na gigabaiti ni hisabati. Kuandika taarifa ya ukarabati ni Kiswahili. Na mashine ikisha kufufuka haikai bure: ina LibreOffice kwa kuandikia, GCompris kwa michezo ya kujifunzia ya watoto wadogo, na Kiwix, ambayo huwezesha kusoma Wikipedia ya Kiswahili, ikishapakuliwa, pasipo intaneti. Kwa shule ya Mkalama au Itigi iliyo mbali na maktaba, hilo si jambo dogo. Mashine moja kwa watoto wanne, wakipokezana kwa zamu, yashinda picha ya kompyuta iliyochorwa ubaoni.

Zipo hoja za wanaotupinga, nazo hatuna budi kuzijibu kwa haki. Wapo wasemao kwamba ofisi hutumia Windows, hivyo watoto wakizoea mfumo mwingine watapotea. Sisi twajibu kwamba mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kuandika, kuhifadhi, kutafuta na kupanga, wala hafundishwi mahali kitufe kilipo. Aliyejifunza kuendesha baiskeli ya aina moja hashindwi na ya aina nyingine. Lakini twakubali kwamba mwanachuo ajue mifumo yote miwili, maana huko aendako atazikuta nyaraka za kazi katika ule uliozoeleka.

Wengine husema kwamba kwa kuzisifu kompyuta kuukuu twafungua mlango wa kuletewa takataka za mataifa tajiri. Hoja hii ni nzito, na twaiunga mkono nusu. Msaada usiowaka si msaada. Shule ikague kabla ya kupokea, na iwe na ujasiri wa kukataa. Hoja yetu yahusu mashine ambazo tayari tunazo. Wengine tena hutaja umeme. Ni kweli kwamba kompyuta ya mezani yenye kioo cha zamani cha kichogo hula umeme mwingi, na shule yenye paneli ndogo ya jua haiwezi kuilisha. Hapo ichaguliwe kompyuta ya mkononi au yenye kioo bapa. Na mfumo mwepesi haumwondolei mtu wajibu wa usalama: kivinjari kilichopitwa na wakati ni hatari katika mfumo wowote.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala mpya ukija, tutaupokea kwa furaha na kuutandika. Lakini watoto wanaoingia darasa la tatu mwaka huu hawatasubiri katika darasa la tatu mpaka ufike. Watapita, na wakipita bila kugusa kibodi, deni hilo litakuwa letu.

Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo, na laweza kutekelezwa muhula huu. Kila mwanachuo, kabla hajaenda katika mazoezi ya kufundisha, awe amesimika mfumo endeshi mmoja kwa mikono yake, awe ameandika taarifa yake ukurasa mmoja, na awe na flashi moja iliyo tayari. Akifika katika shule aliyopangiwa, aulize kwa adabu kama kipo chumba chenye kufuli. Kikiwapo, aombe ufunguo.