Bwawa Linalovuja Si la Mwenyewe Peke Yake

Ziko nyumba nyingi katika mwambao wetu, tangu Oyster Bay na Msasani hadi Nyali kule Mombasa, ambazo uani mwake mna bwawa la kuogelea. Mengi yamekwisha zeeka. Lipu inabanduka, nyufa zimetambaa sakafuni, na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi si tajiri kama jirani zake wanavyodhani, hununua debe la rangi ya buluu, akapaka juu ya ubovu na kushukuru kwamba amebana matumizi.

Sisi hatuna ugomvi na mtu mwenye bwawa. Ugomvi wetu ni na bwawa linalovuja. Chukua bwawa la mita 10 kwa 5. Likipungua sentimita moja tu kwa siku, zaidi ya maji yanayochukuliwa na jua, zimekwenda lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji, ndoo 25 zilikuwa riziki ya nyumba kadhaa. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba ufa ule ni siri ya mwenye nyumba na ukuta wake.

Kupima hakuhitaji mtaalamu wala gharama. Ndoo yenye maji iwekwe juu ya kidato cha bwawa, maji ya ndani yalingane na ya nje, na alama ichorwe pande zote mbili. Baada ya saa 24, ikiwa bwawa limeshuka kupita ndoo, linavuja; yakishuka sawa, ni jua tu.

Likithibitika, ndipo hesabu ya fedha ianze, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Bwawa hilo tulilolitaja, lenye kina cha wastani wa mita 1.5, lina mita za mraba 95 za sakafu na kuta. Lipu mpya ya unene wa milimita 10 ni chini ya mita moja ya ujazo! Basi anayepunja saruji anaokoa mifuko michache na kupoteza kazi nzima. Vivyo hivyo anayechota mchanga wa pwani kwa kuwa ni wa bure: chumvi yake itakula nondo kimya kimya. Mahali halali pa kubana ni pale penye fahari. Vigae vya kutoka ng'ambo si lazima. Lipu ya saruji nyeupe na unga wa marumaru yatosha, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Wala si lazima kubomoa yote. Fundi agonge kwa nyundo kila shubiri, na panapolia kama ngoma ndipo pachimbwe kwa tindo mpaka penye uzima, pakwaruzwe, pasafishwe na kuloweshwa kabla ya lipu mpya. Kazi hii ni ya jasho tu, na vijana wa nyumbani waweza kuifanya chini ya jicho la fundi.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika jumba la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lililojengwa karne ya 14, kulikuwa na bwawa la pembe nane, na jumba lenyewe ni la mawe ya matumbawe na chokaa. Vifaa vyote vya pwani hii hii.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa masika maji ya chini ya ardhi hupanda, na bwawa tupu laweza kusukumwa juu kama ngalawa na kupasuka. Kazi hii ni ya kiangazi. Nayo yale maji ya zamani, lita 75,000, ni dhambi kuyamwaga barabarani. Dawa ikiachwa kutiwa kwa siku kadhaa, yatafaa kwa bustani na kwa kufyatulia matofali.

Asidi ya kusafishia sakafu itiwe katika maji, kamwe maji yasitiwe katika asidi, na mtu asishuke peke yake shimoni, kwani mvuke wake hutuama chini. Lipu ikishika, bwawa lijazwe mara moja bila kukatisha mpaka ukingoni, ama sivyo alama ya maji itabaki ukutani. Kisha ile ndoo irudishwe kidatoni kwa saa 24 nyingine. Fungu la mwisho la ujira wa fundi lisubiri jibu lake.