Si kila "lord" ni bwana

Mfasiri wa Kiswahili akikutana na neno "lord", kalamu humponyoka na kuandika "bwana". Naona mara nyingi anakosea, kwa sababu anafuata neno badala ya kazi ambayo neno hilo linaifanya pale lilipo. Neno lenyewe lilizaliwa jikoni. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa hlaford, lililoundwa kwa maneno mawili: mkate na mlinzi. Mwenzake wa kike, anayeitwa leo "lady", alikuwa mkandaji wa unga, na mtumishi wa nyumba aliitwa mla mkate. Aliyeshika ghala ndiye aliyetiiwa, na waliomtii walimdai chakula. Kiswahili kilianzia kwingine: mwinyi wetu ni "mwenye", mtu wa kumiliki, na Mwenyezi ni mwenye enzi. Tena "bwana" nalo lina safari yake. Bwana harusi hatawali mtu, na bwana shamba hana shamba. Ni mtumishi wa serikali anayepita kwa wakulima kuwaeleza habari za mbegu na mbolea.

Mitaani watu walikwisha kulitatua jambo hili bila kamusi. Anayepokea kodi ya chumba, "landlord" wa Kiingereza, ni mwenye nyumba. Mwenye jeshi lake msituni, "warlord", ni mbabe wa kivita. Tajiri wa dawa za kulevya, "drug lord", Watanzania wamembatiza mzungu wa unga, jina lenye picha kali kuliko tafsiri yoyote ya mezani. Tatizo huzidi kwenye habari za Uingereza, ambako baraza la juu la Bunge, "House of Lords", huitwa wakati mwingine "la mabwanyenye". Msomaji anapata picha ya matajiri wenye mashamba ya urithi. Lakini sheria ya 1958 iliruhusu watu kuteuliwa kwa maisha yao tu, bila watoto kurithi kiti. Ile ya 1999 ikawabakiza warithi 92. Na maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza wana viti humo. Hadi 2009 hata majaji wa rufaa ya mwisho walikuwa humo. Ubwanyenye wa askofu uko wapi?

Wapo watakaosema kwamba neno moja hulinda uzi wa maana, ili msomaji asikie mamlaka yale yale kwa Mungu, kwa jaji na kwa mwenye nyumba. Lakini Mwingereza anayelipa kodi ya pango hamfikirii Mungu, wala mkate. Wengine watauliza kama nataka Biblia ibadilishwe. La hasha. "Bwana" ya Biblia imekomaa kwa sala na nyimbo za vizazi, kama "Mola" ilivyokomaa kwa Waislamu, na uzito huo ndio unaonifanya nione uchungu neno "Bwana" likibandikwa kwa kila kabaila wa Ulaya. Kwa cheo kinachotangulia jina, "Lodi" inatosha: Lodi Delamere, kama tunavyosema Sultani fulani. Na mahakamani, ambako wakili wa Kiingereza husema "My Lord", mwenzake anayezungumza Kiswahili hasemi "Bwana wangu". Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya mahakama kwa sheria ya 2021, anasimama na kusema, "Mheshimiwa Jaji", kisha anaendelea na hoja yake.