Barua za homa kutoka Leeds

Na Mnywakahawa

Rafiki yangu akiwa mzima haandiki. Miaka minne sasa yuko Leeds, Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na muda wote huo nimeambulia "niko poa, sahibu" na picha mbili za theluji. Homa ikimpanda ndipo anapogeuka mwandishi. Mwezi uliopita alinitumia kwa WhatsApp barua tatu ndani ya siku nne, kila moja ndefu kuliko safu hii.

Ya kwanza iliingia saa tisa usiku. "Sahibu, nina mablanketi mawili, koti na taulo, na bado natetemeka hadi kitanda kinalalamika. Ni malaria. Naijua, tumekua pamoja." Alipiga 111, namba ya ushauri wa afya kule, akaeleza kwamba anataka dawa mseto tu, mengine atajua mwenyewe. Akaulizwa mara ya mwisho alikuwa Afrika lini. "Nikamwambia miaka miwili iliyopita. Yule mama akanyamaza. Nadhani alikuwa anamhesabia mbu nauli."

Akaambiwa dalili zake ni za mafua makali ya msimu wa baridi. Anywe maji, ameze parasetamoli, apumzike. Hilo lilimuuma kuliko homa yenyewe. "Mtu mzima, mtoto wa Tanga, niuguzwe na mafua?"

Ya pili aliiandika kipimajoto kikisoma nyuzi 39.4, na ilikuwa somo la historia. Wasituringie hawa, alisema. Mabwawa ya Kent na Essex yalikuwa na malaria yao wenyewe kwa karne nyingi, na Oliver Cromwell alisumbuliwa na homa za vipindi hadi alipofariki 1658. Kisha akahamia kwetu. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la kukunjamana kwa maumivu ya viungo, lililochukuliwa na madaktari baada ya mlipuko wa 1952 huko kusini. Dengue nayo, akadai, ni kidingapopo chetu kilichoibwa. "Tumeupa ulimwengu majina ya homa mbili, sahibu, halafu mimi wananipa mafua!"

Nilikagua. Kwa mtu aliyekuwa anachemka, hakukosea sana, ingawa hilo la kidingapopo linabishaniwa.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea mama yake, pale Ngamiani, Tanga, maana macho yake yamechoka. Kila jioni namwamkia, nakaa kwenye mkeka, nasoma, na kwingine naruka.

"Mwambie ajifukize mwarobaini," aliniagiza.

"Mama, Leeds hakuna mwarobaini."

"Basi hata hospitali zao hazifai, mwanangu."

Nilicheka hadi nilipofika nyumbani na kufungua kabati langu. Humo mna nusu dozi ya dawa mseto ya mwaka juzi, inangoja homa yoyote itakayothubutu. Nani kati yetu hana? Utafiti uliochapishwa 2014 uliwapima watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa karibu mmoja tu katika kila kumi. Wengi wa waliobaki walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, yaani ndugu wa mafua ya Leeds. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu na dakika kama ishirini. Sisi hizo ishirini tunazo za kubishania mpira, za kupima homa hatuna.

Barua ya tatu ndiyo niliyoiruka karibu yote. "Hapa ukiugua, unaugua peke yako. Kwetu ukikohoa mara mbili, jirani wa kwanza kaleta uji, wa pili ndimu, wa tatu anakuja kuuliza nani kakuroga. Leo, sahibu, nimemkumbuka hata huyo wa tatu." Mama yake aliniuliza mbona barua ya leo fupi. Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya.

Siku mbili baadaye simu ikalia. "Homa imeshuka. Usiku naingia kazini. Niko poa, sahibu."

Ujumbe huo nilimsomea mama yake wote, neno kwa neno. Akashusha pumzi, akajifunga kanga yake vizuri.

"Si nilikwambia? Malaria ya ugenini haikai."