MSTARI GANI?



Wiki hii mpendwa mmoja ameniandikia: "Mchungaji, mbona kila Jumanne unaacha maombezi hapa Changamwe unaenda kufundisha watu saba? Si uandae mkutano mkubwa watu waponywe?" Najua ana nia njema. Namjibu hapa bila kumtaja, maana najua hayuko peke yake.

Naamini uponyaji, nimeuona kwa macho yangu. Lakini fungua Matendo 19. Mstari wa 12, ule wa leso, tumeuhubiri mpaka leso zikaanza kuuzwa! Mbona tunaruka wa 9 na wa 10? Paulo huyo huyo alifundisha kila siku katika darasa la Tirano, miaka miwili, na Asia yote ikalisikia Neno. Leso zilitoka kwa mwalimu.

Mnapita Kengeleni kila siku kwa matatu. Hapo Freretown, CMS walipowapa makao watumwa walioachiliwa huru, kilianza chuo kidogo cha kufundisha watumishi mwaka 1903. Mwaka 1930 kikahamia Limuru. Leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's, kilichopata hati yake 2007. Walimu wale wa kwanza hawakuishi kuyaona hayo.

Sisi tunataka matunda kufikia Jumapili. Mtu hajakaa darasani hata miezi sita, ananunua udaktari wa heshima pamoja na joho la kupigia picha. Hata mimi nimeletewa ofa hiyo. Fundi wa breki hapa Magongo hukaa chini ya fundi mwenzake miaka kabla ya kuachiwa gari la mtu, lakini roho za watu tunamkabidhi yeyote mwenye sauti nzito na maikrofoni.

Halafu ikaja Shakahola, 2023, hapa Kilifi kwa jirani. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Watu walifunga mpaka kufa wakiamini wanaenda kukutana na Yesu. Sisemi cheti huzuia upotovu, wapo wenye vyeti waliopotoka vibaya sana. Ila najiuliza: je, kulikuwa na wangapi pale waliofundishwa kufungua Biblia na kumuuliza mhubiri?

Mimi nilifundishwa. Chuoni tulikuwa tisa. Mwalimu wetu alipanda matatu mbili kutufikia, na mshahara ulichelewa miezi. Siku ya mahubiri yangu ya majaribio nilinguruma kweli kweli. Akainua mkono: "Mstari gani?" Nikapekua, nikakosa. Akaniambia nikae. Niliona haya, nikamkasirikia wiki nzima. Sasa kila Jumamosi usiku nikiandaa ujumbe nalisikia swali lile.

Tumechanga spika mpya kwa wiki mbili tu, haleluya. Lakini 1 Timotheo 5:17 inataja heshima maradufu kwa wanaofanya kazi ya kufundisha, na mwalimu wetu mmoja mwezi huu amekuja kwa miguu kutoka Mikindani.

Jumanne saa kumi niko darasani, tumefika Warumi 9. Mmoja wa wale saba anatoka Likoni. Feri ni bure, matatu si bure. Mwenye kuguswa amwone mhazini.