Franga ya tuyau tununue nayo taa

Wazazi wenzetu, tuseme ukweli. Kila mwaka, siku za Examen d'État zikikaribia, ku Katuba, ku Kenya, ku Ruashi tunasikia maneno yale yale: «Papa, naomba franga ya tuyau.» Na sisi tunatoa. Tunakopa mbele ya mshahara, tunasema: «Mutoto apate tu diplôme, mengine tutaona.»

Tuyau ni nini? Ni majibu yenye kuuzwa kwa siri, siku hizi yanapita mu telefone. Lakini maulizo yanagawanywa kwa seri: mutoto wako na mwenzake wa banc ya karibu hawana karatasi moja. Yule muuzaji hajui wako ataangukia seri gani. Sisi wenye kujua malachite na jiwe la bure, hapo tunalipa jiwe la bure.

Wengine watajibu: «Wote wanafanya hivyo, wangu peke yake ataanguka.» Haya, tuseme amepata zile 50 kwa mia. Kisha? Kunako fakilte zenye kupima tena wanafunzi kwa mtihani wa kuingia. Na pale wanapoingia bila mtihani, mwaka wa kwanza njo unawapima. Ku Polytechnique ya UNILU, kule wanafundishwa mainjinia wa mines na wa métallurgie, hesabu haina tuyau. Tumeona vijana wanarudi nyumbani kisha mwaka mmoja, na baba amekwisha kulipa minerval, syllabus na chumba.

Kujitayarisha hakuanzi mwezi wa tano. Session ni siku nne: culture générale, sciences, langues na masomo ya option. Mbele yake kuna hors-session, na dissertation ya Kifaransa. Dissertation haifundishwi kwa wiki mbili. Ni kuandika kila juma, mwalimu asahihishe, kuandika tena. Tuanze basi mwaka wa tatu wa humanités. Watoto wane ao watano wakae pamoja, wachukue maulizo ya miaka iliyopita, na kila mmoja aeleze wenzake juu ya nini jibu ni hili na si lile.

Na mzazi? Hata kama hatukusoma sana, tukitoka poste ya usiku tunaweza kusema: «Leta kaye, nionyeshe ya leo.» Mutoto anayejua kwamba ataulizwa, anasoma. Na finaliste musichana asitumwe maji na soko saa kaka yake anafungua kitabu. Examen yao ni moja.

Ku mine hakuna anayefika kwa madini bila kutoa kwanza udongo wa juu. Tunalijua hilo kwa mikono yetu, basi tusiwadanganye watoto. Mwaka huu, ile franga ya tuyau tununue nayo taa ya kusomea wakati umeme unakatika, makaye, na saa za mwalimu wa hesabu.