Usingizi wa Mchana wa Mtoto Mchanga

Katika nchi ya Wakisii, tangu zamani, mama aliyekwenda shambani alimkabidhi mtoto wake kwa omoreri, yaani mlezi mdogo, mara nyingi dada yake mtoto huyo, naye akambeba mgongoni hata akasinzia. Bwana Robert LeVine na Bibi Barbara LeVine, wataalamu kutoka Marekani, walikaa katika nchi hiyo kati ya mwaka 1955 na 1957, na kitabu chao kilitolewa mwaka 1966. Katika uchunguzi mwingine wa miaka ya 1970, Bwana LeVine na wenzake waliwalinganisha akina mama wa Kisii na wale wa Boston. Wa Boston walimsemesha mtoto sana na kumchangamsha. Wa Kisii walimtuliza, wakakiitikia kilio chake upesi kwa kumshika au kumnyonyesha. Basi si lazima Mkisii aitafute mbali elimu ya kumtuliza mtoto.

Lakini omoreri sasa yuko darasani, hasa tangu ada za shule za msingi za serikali zilipoondolewa mwaka 2003, na huko ndiko astahiliko kuwa. Kwa hiyo mtoto hupita mikononi mwa watu wengi: asubuhi nyanya, mchana yaya, jioni mama arudipo kutoka kuchuma majani chai au kutoka ofisini Nyamira. Huyu humtikisa, yule humwimbia, wa tatu humngoja alie hata achoke. Mtoto hajui ishara ya kulala ni ipi.

Yafaa walezi wote wapatane. Mtoto anyonye, abadilishwe nguo, apelekwe penye utulivu na giza kidogo, mbali na moshi wa jikoni, kisha aimbiwe wimbo mmoja, ule ule kila siku, kwa sauti ya chini. Saa ya ukutani si bwana hapa. Mtoto anapopikicha macho na kugeuza uso, wakati umewadia. Akicheleweshwa atachoka mno, na aliyechoka mno halali upesi, kama ajuavyo kila karani mwisho wa mwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 wasema kwamba mtoto wa miezi 4 hata 11 ahitaji usingizi wa saa 12 hata 16 kwa siku, na ule wa mchana umo katika hesabu hiyo.

Kubeba mgongoni kusiachwe, ila uso wa mtoto uwe wazi, leso isimzibe pua. Akiwekwa kitandani alazwe chali, pasipo mto wala blanketi zito karibu na uso, hata kama baridi ya milimani yamshawishi nyanya kumfunika gubigubi. Afadhali aongezewe nguo mwilini. Dawa ya kikohozi isitumiwe kumlaza.

Siku za kwanza huenda akalia bado. Mpango usibadilishwe kwa sababu hiyo, na yaya afundishwe ule wimbo kabla mama hajatoka nyumbani.