Kiazi cha kijani kisiuzwe kama chakula

Kwenye masoko yetu ya Djugu, viazi ulaya, ndiyo pomditeri kama tunavyosema, vinamwagwa chini asubuhi na kukaa kwenye jua mpaka jioni. Visipoisha, kesho vinarudi kwenye jua lile lile. Siku chache tu, ngozi inaanza kuwa kijani. Mimi naona kooperative zetu zikatae kuuza kiazi cha namna hiyo kama chakula, hata kwa bei ya chini.

Tuanze na rangi yenyewe. Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ndani yake kuna rangi zote za upinde wa mvua. Kijani ya kiazi inatoka kwa klorofili, ile ile iliyo ndani ya sombe na lengalenga. Katika laboratware wanaiyeyusha, wanapitisha mwanga ndani yake, na mashine inapima mwanga uliopotea njiani. Klorofili inameza sana mwanga wa buluu, karibu na nanomita 430, na mwanga mwekundu, karibu na nanomita 660. Mwanga wa kijani inauacha, nao ndio unaofika kwenye jicho letu.

Basi mtu atauliza: kama tunakula sombe kila siku, kiazi cha kijani kina ubaya gani? Ni swali la haki. Klorofili haina shida. Shida ni kwamba mwanga unaoleta klorofili unaongeza pia sumu ya kiazi, solanini na mwenzake chakonini. Hizo mbili hazimezi mwanga tunaouona, kwa hiyo hazina rangi. Jicho haliwezi kuzikamata. Kijani ni shahidi tu. Mwizi mwenyewe haonekani.

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kiazi cha kula kisipite miligramu 200 za sumu hizo kwa kilo moja. Zikizidi, mtu anasikia uchungu mdomoni, tumbo linauma, anatapika, anaharisha. Kuchemsha hakuziondoi. Nyingi ziko kwenye ngozi na kwenye machipukizi, kwa hiyo kumenya kwa kina kunapunguza, lakini kiazi kichungu kitupwe tu.

Tuangalie pia viazi vya ngozi nyekundu. Rangi yao nyekundu inameza mwanga wa kijani, basi inaficha ile klorofili. Kwaruza kidogo kwa ukucha ndipo utajua.

Najua mama wauzaji watasema: mteja anataka kuona mali. Ni kweli. Aweke kilo mbili tatu mbele, zingine zibaki ndani ya gunia zito au chini ya bashi isiyopitisha mwanga. Wengine watasema: nikikataa kijani, napoteza franga. Lakini nani anavinunua kwa bei ya chini? Ni yule asiye na franga ya kuchagua, na mara nyingi ni mtu aliyekimbia vita na kuacha shamba lake. Hatuwezi kumuuzia ugonjwa halafu tuite hiyo biashara.

Tena, si lazima hasara. Mwanga ulio adui wa kiazi cha kula ni rafiki wa kiazi cha mbegu. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kule Lima, Peru, kimefundisha kwa miaka mingi kutunza mbegu kwenye mwanga hafifu: chanja za miti, chini ya paa, hewa inapita, jua la moja kwa moja halifiki. Hapo kiazi kinakuwa kijani, na machipukizi yanatoka mafupi na yenye nguvu. Kwa hiyo kiazi kilichogeuka kijani, kikiwa kizima na kimetoka kwenye shamba lisilo na mnyauko, kinaweza kwenda kwenye chanja ya mbegu. Kile cha shamba lenye ugonjwa, hapana.

Kazi inaanza shambani: tupandishe udongo vizuri kwenye shina, maana kiazi kinachochungulia nje kinakuwa kijani mbele ya kuvunwa. Kisha kwenye depo, tutenganishe mafungu mawili: la kula gizani, la mbegu kwenye mwanga hafifu. Na katika mkutano ujao, kila kooperative iandike katika kanuni zake kwamba kiazi cha kijani hakipimwi kwenye mizani ya chakula. Kamati ya mauzo ndiyo isimamie hilo, gunia kwa gunia.